Landrova ya zamani na miguu yake: mwongozo kamili wa kuchagua rimu na matairi

Dukani utaulizwa swali moja tu: saizi gani? Ukijibu "saba hamsini, kumi na sita", utatolewa tairi la Canter, tairi la mbele la trekta, tairi la trela la shambani, na ukibahatika, tairi la Landrova. Yote yameandikwa 7.50-16. Yote yataingia kwenye rimu yako na fundi atayajaza upepo bila kulalamika. Lililo lako ni moja.

Naandika haya kwa wenye Series II, IIA na III, zile za springi za majani, za urefu wa 88 na 109 (hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma). Landrova ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, na Series III ya mwisho ikatoka kiwandani 1985. Kwa hiyo hata iliyo changa kabisa sasa imevuka miaka 40. Magari haya hapa kwetu bado yanafanya kazi. Tamasha la Landrova lilipofanyika Arusha Oktoba 2024, nilitembea baina ya safu nikitazama chini tu, na niliyoyaona ndiyo yaliyonisukuma kuandika: magari yaliyotunzwa bodi kwa mapenzi makubwa, yamevalishwa viatu visivyo vyao.

Hatua ya 1: Lijue gari lako kabla ya kulijua tairi

Kwa kawaida 88 ilitoka na tairi la 6.00-16 juu ya rimu ya upana wa inchi 5, na 109 ilitoka na 7.50-16 juu ya rimu ya inchi 5.5. Nasema kwa kawaida kwa sababu gari la miaka 50 limepita mikono mingi, na kila mkono umeacha kitu chake. Usitegemee kadi ya gari. Chukua futikamba.

Pima kwanza matundu ya studi (bolti za habu, kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake). Landrova ina studi 5 kwenye duara la milimita 165.1. Huwezi kupima duara hilo moja kwa moja kwa sababu tundu halina mwenzake upande wa pili. Pima kutoka ukingo wa kulia wa tundu moja hadi ukingo wa kulia wa tundu jirani. Ukipata milimita 97, ni rimu ya Landrova. Ukipata 88, umeshika rimu ya Land Cruiser ya studi 5, ambayo duara lake ni milimita 150. Rimu hiyo ni ngumu, ni nzuri, na imejaa kwenye maduka ya spea, ndiyo maana utamkuta fundi anayekwambia "tutapanua matundu kidogo". Mkatalie. Nati ya Landrova inakaa kwenye kiti chenye umbo la koni kilichochongwa kwenye tundu, na koni hiyo ndiyo inayoiweka rimu katikati na kuizuia isicheze. Ukilipanua tundu kwa tupa au moto, koni imekufa, na rimu itabaki ikining'inia kwenye nyuzi za studi.

Sasa tazama studi zenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa watu wanaweza kufa. Series nyingi zina studi za nyuzi za Kiingereza za 9/16, yaani unene wa milimita 14.3 hivi. Series III za mwisho mwisho, na Defender zilizokuja baadaye, zina studi za M16. Spana ni ileile, 27. Kwa macho nati zinafanana. Lakini nati ya M16 juu ya studi ya 9/16 inaingia bila kushika uzi sawasawa: utaisikia ikikaza kidogo mwishoni, utaridhika, na tairi litakuaga njiani. Nilinunua 109 yangu ikiwa imebadilishwa habu ya nyuma kushoto. Magurudumu matatu yana studi za zamani, moja lina M16, na hakuna aliyeniambia. Nililigundua siku ya pancha ya kwanza, nimepiga magoti kwenye changarawe, nimechanganya nati kwenye kofia moja, nikaona moja inaingia hadi mwisho kwa kidole kama pete iliyolegea. Tangu siku ile nati za nyuma kushoto nimezipaka rangi nyekundu, na studi zake vichwani pia nyekundu. Rangi ya kucha inatosha. Kama gari lako limewahi kubadilishwa habu au ekseli, jaribu kila nati kwa mkono kwenye kila studi kabla hujafika hatua ya pili.

Hatua ya 2: Kagua rimu uliyo nayo

Rimu ya asili iliyo nzima ni bora kuliko rimu mpya ya kupendeza. Ipige brashi ya waya, osha, kisha itazame juani.

Angalia kwanza kuzunguka matundu ya studi. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele, mara nyingi ukiwa na mstari wa kutu nyekundu unaotoka ndani yake. Rimu yenye ufa haichomelewi, inatupwa. Tundu lililorefuka na kuwa kama yai, nayo inatupwa. Kisha pitisha kidole kwenye kingo ambako mdomo wa tairi unakaa. Kutu ya juu juu inasuguliwa. Kutu iliyokula vishimo itakata tyubu.

Rimu nyingi za zamani zimeungwa kwa ribiti kati ya sahani ya katikati na pete ya nje. Ribiti hizo hupitisha upepo, kwa hiyo rimu hizo ni za tyubu, basi. Hata za kuchomelewa, muundo wake wa ndani hauna lile tuta dogo linaloushika mdomo wa tairi lisilo na tyubu. Fundi akikwambia atapaka gundi na utaendesha bila tyubu, jua kwamba siku utakayopunguza upepo mchangani, ndiyo siku mdomo wa tairi utakapoachia.

Kujua kama rimu imepinda, ifunge kwenye gari, inua upande huo kwa jeki, simamisha kijiti juu ya tofali kikikaribia ukingo wa rimu, kisha izungushe polepole. Nafasi kati ya kijiti na rimu ikibadilika zaidi ya milimita 2 hivi, usukani utakuambia ukifika kilomita 60 kwa saa.

Ukipaka rangi, usirundike rangi nene kwenye uso unaogusana na habu wala kwenye viti vya nati. Rangi hubonyea na kumenyeka gari likitembea, nati zinalegea zenyewe, na mwenye gari anabaki akimlaumu fundi.

Kama ni lazima ubadilishe, tafuta rimu ya chuma ya Landrova ya inchi 5.5, au zile za inchi 6.5 zinazoitwa Wolf, zilizotengenezwa kwa magari ya jeshi la Uingereza. Hizo za pili ni nzito na bei yake inauma, lakini ni chuma cha kweli. Rimu za aloi za Discovery na Range Rover za kizazi cha kwanza zina matundu yaleyale 5 kwenye 165.1, na kwa sababu hiyo watu huzifunga. Siwashauri. Zinahitaji nati za aina nyingine, sahani yake ni nene kwa studi fupi za Series, na ni pana, kwa hiyo ukikata kona tairi linasugua springi. Spesa za kusogeza tairi nje sizitaki hata kuzisikia: zinaongeza uzito kwenye beringi zilizozeeka na kuufanya usukani uwe mzito kama jiwe la kusagia.

Hatua ya 3: Chagua saizi

Hapa ndipo tamaa inapowaponza wengi. Tairi pana linapendeza picha. Lakini Series haina usukani wa hidroliki, injini yake ya lita 2.25 haina nguvu za kupoteza, na hafu shafti zake (vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) ni nyembamba. Kila inchi unayoiongeza kwenye kimo cha tairi ni mkono mrefu zaidi unaoisokota shafti. Mlio wa hafu shafti ikikatika ni mmoja tu, mkavu, kama kuni ya mkaratusi ikivunjwa kwa goti. Baada yake gari linaunguruma halisogei.

Kwa 109, jibu langu ni 7.50R16, na sijaona sababu ya kulibadilisha. Ni refu na jembamba, kimo chake kama sentimita 80. Kasimita ya 109 imepangwa kwa tairi hilo, usukani wake pia. Kama hulipati, 235/85R16 lina kimo karibu sawasawa, sentimita 80.6. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuijua: 235 ni upana kwa milimita, 85 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, ambayo ni karibu milimita 200, zidisha kwa mbili, jumlisha milimita 406 za rimu ya inchi 16. Kwa hesabu hiyo hakuna muuzaji atakayekuyumbisha. Ila 235 halitaki rimu ya chini ya inchi 6, na 6.5 ndiyo saizi yake hasa. Ukilibana kwenye 5.5 ya asili, litatuna katikati na kulika mstari mmoja, na kwenye kona litalala ubavu. Watu wanafanya hivyo, najua. Mimi sifanyi.

Kwa 88, ukitaka gari jepesi la mjini na mashambani, baki na 6.00-16, au chukua 205/80R16 ambalo kimo chake ni sentimita 73.4. Ukitaka kuinuka, vaa 7.50 juu ya rimu za 5.5. Lakini ujue unaongeza kimo kwa asilimia 10 hivi. Maana yake ni mambo mawili: kasimita itasoma 60 wakati unakwenda 66, na mlima uliokuwa ukiupanda kwa gia ya tatu utaupanda kwa ya pili. Ukiwa mtu wa Lushoto au Mbulu, fikiri mara mbili.

265/75R16 ndilo tairi ninaloliona sana kwenye Landrova za vijana. Kimo chake ni sawa na 7.50, lakini upana umezidi. Linagusa springi ukikunja usukani hadi mwisho, kwa hiyo wanarefusha bolti za kuzuia usukani, na gari ambalo tangu zamani linahitaji uwanja wa mpira kugeuka sasa linahitaji viwili.

Kuhusu tope na mchanga, watu hubishana sana. Tairi jembamba hukata tope hadi likute ardhi ngumu chini. Kwa njia nyingi za milimani, zenye utelezi juu na mawe chini, hilo ndilo unalolitaka. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hakuna ardhi ngumu chini, na hapo jembamba linazama. Kweli. Lakini pana nalo linazama, linachelewa tu, na linapozama kulitoa ni kazi zaidi. Mbuga ikilowa, subiri ikauke. Mchangani dawa ni kupunguza upepo. Alama ya tairi chini inarefuka kuliko inavyopanuka, na urefu huo ndio unaolibeba gari.

Hatua ya 4: Soma ubavu wa tairi

Sasa rudi dukani kwenye yale matairi manne ya 7.50-16.

Tazama PR, yaani kipimo cha ugumu wa tairi. Tairi la Canter litakuwa 14PR au 16PR. Muuzaji atalisifu kwa ugumu, na hasemi uongo, ni gumu kweli. Limetengenezwa kubeba lori dogo lililojaa. Landrova isiyo na mzigo haina uzito wa kulibonyeza, kwa hiyo halishiki ardhi, linadunda. Nilishawahi kuyavaa kwa miezi minne. Kwenye barabara zilizojikunja kama bati, sehemu ya nyuma ilikuwa ikihama njia yenyewe, na viwambo vya bodi vilianza kulegea kimoja kimoja. Tafuta 8PR. Kwa 109 inayobeba kila siku, 10PR.

Tazama namba na herufi ya mwisho, mfano 116/114N. 116 ni uzito ambao tairi moja linabeba, kilo 1,250. Ya pili ni kwa yanapofungwa mawili mawili, haikuhusu. N ni mwendo, hadi kilomita 140 kwa saa. L ni 120, na hata hiyo L inatosha kabisa. Lakini ukikuta A6 au A8, lirudishe: hilo ni la trekta, la mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa. Litafungwa vizuri, litaonekana zuri, na litapasuka kwa joto ukiwa lami ya Makuyuni.

Herufi R katikati, 7.50R16, ni tairi la waya. Kistari, 7.50-16, ni la nyuzi. La nyuzi lina ubavu mgumu unaostahimili miiba na mawe, ni la bei nafuu, na ndilo gari lilizaliwa nalo. La waya lina utulivu zaidi kwenye lami na halipati joto haraka. Yote mawili yanafaa. Kisichofaa ni kuyachanganya kwenye ekseli moja. Ikibidi kuchanganya kwa muda, ya waya yakae nyuma.

Mwisho, tafuta kijisanduku chenye tarakimu nne baada ya neno DOT. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Hili ndilo swali muhimu kwa mwenye gari la zamani, kwa sababu 7.50-16 za kwetu hukaa sana dukani, na gari lenyewe halitembei kilomita nyingi: tairi litazeeka kabla halijaisha. Mimi silinunui lililopita miaka mitatu, na likifika kumi linaondoka hata kama kashata (yale matuta ya mpira yanayogusa barabara) zimejaa. Bado kuna watu wana matairi ya General Tyre ya enzi za kiwanda cha Arusha, wameyatunza stoo kama urithi. Yatunze ukutani.

Kuhusu mtumba: mtumba wa kweli unaweza kukufaa, wa kuchongwa haukufai. Tairi lililochongwa limekuwa kipara, kisha mtu akachimba mifereji mipya kwa kisu cha moto. Utalitambua hivi: tafuta alama TWI ubavuni, fuata mstari wake hadi kwenye mfereji, pale chini lazima pawe na kituta kidogo cha mpira. Kisipokuwepo, au kikiwa kimekatwa, weka tairi chini uondoke.

Hatua ya 5: Kashata

Kashata kubwa za matope, zenye alama MT, hujisafisha zenyewe na huvuta vizuri kwenye utelezi, lakini zinapiga kelele, na kwenye lami yenye maji zinateleza kuliko unavyodhani. Kashata za kati, AT, ndizo ninazowashauri wengi: ukiwa mkweli, robo tatu ya safari zako ni lami na changarawe. Kwa anayetaka sura ya zamani, kuna kashata za kijeshi zilizopangwa kama mbavu za samaki. Zinapendeza kwa gari lililorudishwa kama lilivyotoka kiwandani, ila mvua ikinyesha lamini, tembea kwa unyenyekevu.

Hatua ya 6: Kufunga

Simama hapohapo fundi akifunga. Vitu vinne uvione kwa macho yako. Kwanza, ndani ya tairi jipya mara nyingi kuna karatasi iliyobandikwa. Ibanduliwe, kwa sababu itaisugua tyubu hadi itoboke. Pili, tyubu iwe mpya, ya saizi ileile, na kama tairi ni la waya, iwe ya tairi la waya. Tatu, tyubu na ndani ya tairi vipakwe poda. Poda ya mtoto inatosha, lakini ienee kama unavyompaka mtoto: kila kunjo. Nne, tyubu ijazwe, itolewe upepo wote, kisha ijazwe tena, ili mikunjo yote ijinyooshe. Fundi mwenye haraka hii ya nne huiruka, na mwezi mmoja baadaye unaziba pancha kwenye mkunjo.

Hatua ya 7: Kukaza, upepo, na wiki ya kwanza

Nati zikazwe kwa kuruka, moja kisha ya mbali nayo, kama unavyochora nyota. Nguvu yake ni Nm 100 hadi 115. Bila spana ya kipimo, tumia wili spana ya kawaida kwa mkono, usisimame juu yake. Baada ya kilomita 80 hivi simama ukaze tena, hasa kama rimu imepakwa rangi.

Upepo: 109 yangu, na 7.50R16 ya 8PR, naipa psi 28 mbele na 36 nyuma ikiwa na mzigo. Ikiwa tupu nyuma nashusha hadi 30. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Ukitaka kujua kama upepo umekubali, chora mstari wa chaki ukatize uso wa tairi, endesha mita 100 kwenye lami kavu, shuka utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni, umepungua. Ikifutika sawasawa, andika namba hiyo ndani ya mlango.

Mchangani naweza kushuka hadi 18, polepole, bila kukata kona kwa nguvu. Chini ya 15 na tyubu usiende: tairi hujizungusha juu ya rimu, linaivuta tyubu, na vali inang'oka kwenye shina. Dalili huwa inaonekana mapema, vali inaanza kusimama upande badala ya wima. Ukiiona hivyo, toa upepo wote uinyooshe siku hiyohiyo.

Na tairi la akiba liwe la saizi ileile na liingie kwenye mzunguko, kila kilomita 8,000, matano yote. Kama unalibeba juu ya boneti, kaa kwenye kiti chako kabla hujanunua 235, mwenzio alishike pale juu, utazame kama bado unaiona barabara. Mke wangu hakuiona. Tukarudi kwenye 7.50.